Mwaka Mto Ulipotulia Daftarini

Zaina, mwanangu, mama yangu,

Usianze kwa kucheka mwandiko. Najua unavyofanya: unashika karatasi mbali na uso kama mtu anayenusa samaki wa juzi, halafu unauliza, "Papa, hii ni herufi ao kuku alipita hapa?" Ni herufi. Soma.

Mama yako amekupeleka kusukwa nywele, na yule msusi wenu anasuka kichwa kimoja kama anajenga nyumba, kwa hiyo nina mchana wote. Nimekaa nyuma ya nyumba, sanduku lako la safari ya kesho ndilo meza yangu. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya vijana wa mjini wenye viatu vinavyong'aa, sitayaandika. Mama yako ameyasema tangu Jumatatu bila kufunga mdomo. Kwao Wamaza mtu akianza kushauri, hata mbuzi wanasikia na wanajirekebisha. Mimi nina jambo moja tu. Nimetembea nalo miaka saba. Nikilizunguka kidogo kabla ya kulisema, univumilie. Uoga ni uoga, hata kwa mtu hodari kama mimi.

Maana mimi ni hodari, hilo usilisahau. Toka Nyangwe hapa uende Kasongo, toka Kasongo uende hata Kabambare, unitajie baba mwingine aliyeacha masomo kalasi ya pili ya sekondari, halafu mtoto wake anakwenda kusomea bahari. Hayupo. Nilikuzaa nina miaka kumi na saba, ndevu tatu kidevuni, na watu walidhani nimebeba mdogo wangu mgongoni. Leo wananisimamisha njiani.

"Papa Zaina, mutoto anaenda kusoma nini kule Moanda?"

"Anaenda kusoma pumzi ya bahari."

"Bahari iko na pumzi?"

"Iko. Tena mubaya."

Basi napita kifua mbele, kama mtu anayeielewa hiyo pumzi. Ninaielewa kidogo, kwa sababu ulinifundisha kwa shati langu. Unakumbuka ile harusi ya shangazi yako? Ulichukua chupa mbili za limonadi, moja ukaizamisha ndani ya mtungi wa maji, nyingine ukaiacha juani. Ile ya mtungi ulipoifungua ilisema "fss" kwa adabu. Ile ya juani ilinitapikia kifuani, shati jeupe, mbele ya wakwe.

"Bahari iko vile, papa," ukasema, na hukucheka. "Ikiwa baridi inameza moshi yetu na inanyamaza. Ikipata moto, kumeza kunaishinda. Kisha inaanza kurudisha."

"Inarudisha kwa nani?"

"Kwa sisi. Zamani ilikwisha kufanya vile."

Watu walicheka shati. Mimi pia nilicheka, kwa sauti kuliko wote. Lakini uso wako ulikuwa wa mtu aliyesikia hatua nje ya nyumba, na tangu siku ile nikifungua chupa ninaangalia kwanza imekaa wapi.

Halafu ile ya mwanzi. Ulikata mwanzi mrefu, ukausukuma ndani ya matope ya lile dimbwi nyuma ya mashamba, ukauvuta, ukaupasua kwa panga langu bila kuniomba. Ndani matope yalikuwa yamepangana kama nguo ndani ya sanduku. Ukanionyesha mchanga mweupe: mafuriko. Majani yaliyooza: miaka ya mvua nzuri. Chini kabisa palikuwa na weusi, makaa tupu, upana wa kidole changu.

"Hapa msitu uliwaka," ukasema. "Jua kali. Mwaka kwa mwaka."

Mimi, kwa kuwa nina mdomo, nikasema naukumbuka mwaka ule, baba yangu alinisimulia.

"Papa, kidole kimoja si mwaka. Kidole kimoja ni bibi, na bibi ya bibi, na wenye walikuwa mbele yao. Wote walizaliwa ndani ya ile jua na walikufa ndani yake. Na chini ya bahari matope iko vile vile, ila ndefu kuliko nyumba. Kila kitu muto unapeleka, inaandikwa kule."

Nilijifanya ninasafisha panga. Kwa sababu uliposema "inaandikwa", nililikumbuka daftari langu la mto. Sasa nitakwambia kwa nini.

Unajua nilivyopewa kazi ya mto. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Yule mama Profeseri alifika na wasaidizi wake, wakasimika mti wenye namba pale mitumbwi inapoegeshwa, akauliza nani anajua kusoma na haendi mbali. Walikuwepo waliosoma kuliko mimi. Ila hakuna aliyesema haraka kuliko mimi. Nikapewa mabuti, koti la mvua la manjano na daftari. Kila asubuhi niangalie maji yamefika namba gani niandike. Kila Ijumaa nijaze chupa katikati ya mto, niandike siku, niifunge. Alisema anataka kujua mto unapeleka karboni kiasi gani baharini.

Mimi karboni niliyoijua ni ile karatasi ya buluu. Shemeji wa mama yako, karani kule Kabambare, aliiweka katikati ya karatasi mbili, akaandika juu, na chini maneno yakatoka yale yale. Sisi tulisema "kupiga karboni". Ukiiga kazi ya mwenzako darasani, umepiga karboni. Mtoto akifanana sana na baba, amepigwa karboni. Nikamuuliza Profeseri, "Mama, muto utabeba karatasi ya buluu mpaka bahari?" Akacheka mpaka akashika mgongo. Akanieleza kuhusu majani, udongo, moshi, kila kitu kilichokuwa hai. Nikaitikia. Sikuelewa, ila nilipenda kwamba amecheka.

Daftari mbili za kwanza nilifanya kazi. Nataka ujue hilo, kwa sababu si kwamba sikuweza. Niliamka kabla ya wavuvi. Koti lile nililivaa hata jua likiwaka, sokoni, msikitini, jasho likinitiririka, na watu wakiniita Komanda wa Mayi, mkuu wa maji. Niliyapenda maji yale. Nilijua siku yanapogeuka rangi, nilijua harufu yake mvua ikinyesha mbali, juu kule tusikokujua.

Kisha nikachoka. Hakuna sababu kubwa zaidi, nimeitafuta sana. Asubuhi moja mvua ilinyesha, nikabaki kitandani, nikaandika namba ya jana nikapunguza kidogo. Nikangoja kitu kitokee. Hakikutokea. Profeseri alipokuja kuchukua daftari alisema, "Ramazani, wewe ni mutu wa kazi." Ndicho kilichonitisha, mama, na ndicho kilichoniharibu: uwongo ule haukupigwa, ulisifiwa. Mwanzo siku moja moja. Baadaye nilikaa Jumamosi nikaandika wiki nzima, halafu mwezi. Panda kidogo, shuka kidogo, nikijiona fundi. Chupa nne nilizijaza mara moja, pale pale ufukweni, hata katikati ya mto sikwenda. Nikaziandika Ijumaa nne tofauti. Maji ya siku moja yakajifanya mwezi. Nilipiga karboni ya karboni, na nilijicheka kwa huo utani peke yangu.

Hilo ndilo daftari la tatu. Na nusu ya la nne.

Sasa tulia, kwa maana sehemu hii unaijua, ila unaijua vibaya.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Kilikuwa kiangazi, wakati mchanga unatokeza katikati ya mto na wavuvi wanahamia juu yake na vibanda vyao. Nilikuwa nimepata ile pikipiki, na sikuweza kukaa bila wakwe zangu kuiona. Nikaenda Wamaza wiki mbili. Koti la manjano nililivaa. Na kabla ya kuondoka, ili kazi isilale, niliandika wiki mbili zote ndani ya daftari. Mbele. Siku ambazo Mungu mwenyewe alikuwa hajazifungua, mimi nilikuwa nimezijaza. Kwa kuwa ni kiangazi, niliandika mto unashuka.

Baba yako mkubwa Saidi akaja nyumbani, na nyavu zake, na chumvi yake, anataka kuvukia mchangani. Mama yako alinisimulia neno kwa neno, na sijalisahau hata moja. Alisema, "Leo mayi iko na harufu ya majani. Hii si mwezi wake." Mama yako akamwambia aamini pua yake basi. Akasema, "Pua yangu haikusoma. Ramazani aliandika. Zaina, kuja, mti unasema nini?"

Ukaleta daftari. Ukaliweka magotini. Ukasoma kwa kidole, kama mwalimu alivyokufundisha.

"Inashuka, baba mukubwa. Kila siku inashuka."

"Haya. Umwambie baba yako, nikirudi nitamuletea kambale mwenye kichwa kubwa kama yake."

Hivyo ndivyo tulivyo huku. Mtu amekaa na mto miaka hamsini, anaujua kama mke wake, lakini kwa kuwa hakufika masomo anaamini karatasi kuliko pua yake mwenyewe. Hata mti hakwenda kuuangalia. Karatasi ilitosha. Na karatasi ilikuwa mimi, niliyekuwa Wamaza nikipiga honi mbele ya shemeji zangu.

Kulipokucha mchanga haukuwepo. Vibanda havikuwepo. Walimkuta Saidi siku ya tatu, amekufa maji, chini kule kwenye matete.

Niliporudi, watu walikuwa wamejaa uani. Ulikuwa umesimama pembeni ya jiko, daftari umelishika kwa mikono miwili. Uliniangalia, ukaniuliza, "Papa, nilisoma mustari mubaya?"

Zaina, nilikuwa na jibu. Lilikuwa pale, mdomoni. Ningelisema mbele ya watu wale wote na leo nisingeandika barua. Badala yake nilipiga goti, nikakushika mabega, nikasema, "Mutoto anaweza kukosea. Usilie. Hakuna mwenye atakuhukumu."

Nilikusamehe kosa langu mwenyewe. Na watu wakanisifu kwa upole.

Tangu siku hiyo uliacha kuruka kamba na wenzako. Asubuhi ukaanza kwenda mtoni kabla yangu. Ulisoma mti, ukafunga macho, ukayafungua, ukausoma tena. Kila namba mara mbili. Nilikuona kutoka mlangoni. Nilisema tu kwa majirani kwamba mwanangu ana bidii kama mimi. Ukaanza kwenda katikati ya mto mwenyewe kujaza chupa. Ukamwuliza Profeseri maswali mpaka akakuletea vitabu. Wote wanasema umeipenda elimu. Mimi peke yangu ninajua kwamba mtoto yule hakuwa anapenda kitu, alikuwa analipia.

Nilifikiri nitakufa nalo. Kwa kweli ndiyo mpango wangu, usinione mtakatifu. Lakini Jumapili ulikuja ukakaa hapa hapa nilipo, madaftari yote umeyatandaza, macho yanakuwaka.

"Papa, angalia hii. Daftari ya tatu. Muto ulitulia. Mwaka muzima na zaidi, haukuruka hata mara moja, na chupa zake zote karboni iko karibu sawasawa. Mbele yake hapana, nyuma yake hapana. Profeseri pia alishangaa. Nitaanzia hapo. Hiyo itakuwa kazi yangu ya kwanza."

"Kwa nini ulitulia?" nikauliza, kama mjinga.

"Sijui. Kuna kitu ulifanya, ao kuna kitu ulikuwa unangojea."

Na ukaniambia utakavyofanya: watatoa matope kule mto unapoingia baharini, utatafuta ndani yake mwaka ule wa utulivu, na ukiukuta utajua namna ya kuutafuta katika miaka ya zamani, ile ambayo bahari ilitapika moshi. Niliitikia. Niliitikia kila neno.

Kwa sababu utulivu ule haupo. Mto haukutulia, mama. Ni baba yako aliyelala. Matope ya kule yatakwambia ukweli, yatakuonyesha mchanga wa ile siku ya Saidi, na wewe utabishana nayo. Ninakujua. Utasema matope yamechanganyika, utasema bomba la kutolea matope lilikosea, utasema wewe umekosea. Utasema chochote isipokuwa kwamba papa aliongopa. Na utawafundisha wengine hivyo, nao watajenga juu yake. Umeniambia mwenyewe watu wanataka kujua ile jua ya kidole kimoja inarudi lini. Saidi aliuliza mti unasema nini, akaenda kulala juu ya namba zangu. Sitaki uwaite watu wengine waje walale hapo.

Jana nilikwenda kwa mama yako mkubwa, mjane wa Saidi. Niliona siwezi kukwambia wewe kabla yake. Alikuwa anapepeta mchele. Nilisimama, nikayasema yote, toka kitandani siku ile ya mvua mpaka Wamaza. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza alisema:

"Miaka saba ile mutoto anakuja kunitekea mayi. Kila Ijumaa. Nilikuwa najiuliza ana nini na miye."

Nikasema, "Yaya, dada yangu, unisamehe."

"Miye nitaona. Miye ni muzee, kasirani yangu nitakaa nayo hapa hapa, haina safari. Mutoto na ile muzigo yake, ataenda nayo wapi? Kwenda umwambie. Leo usiingie ndani mwangu."

Basi sikuingia.

Nilitaka kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute ukifika Kindu, ukiwa mbali, na pikipiki imekwisha kurudi. Unaona? Hata katika kusema ukweli natafuta namna ya kutokuwepo. Sitaitia. Utapokea mkononi, leo, ukiwa bado na saa za kunigombeza, na mama yako atasikia, na majirani pia wakitaka.

Ya kazi ni haya. Daftari la kwanza na la pili ni za kweli, ila siku tatu nne za Ramadhani nilizokisia. Nimezipigia msalaba kwa kalamu nyekundu. La tatu, lote, lifunge. La nne ni la uwongo mpaka ukurasa wenye doa la mafuta ya mawese. Baada ya hapo ni mwandiko wako, na mwandiko wako sina la kuusemea. Chupa za miezi ile zisihesabiwe. Nimemwandikia Profeseri barua nyingine, fupi, iko ndani ya bahasha yake. Nimetia sahihi jina langu lote. Kama kwa ajili hiyo watakuondolea nafasi, useme nije. Nitakuja hata kwa miguu, niseme mbele yao.

Na mto wa leo, nimekwenda kuusoma mwenyewe asubuhi hii. Sijaugusa mti ule miaka mingi, nilikuachia. Ni mwezi wa kushuka, lakini maji yamepanda vidole vinne toka jana, na kupanda kwa mwezi huu hakukuandikwa katika daftari lolote. Yana harufu ya majani. Nilikwenda kuwaambia wavuvi wa mchangani wahame. Mmoja akanicheka, "Komanda, daftari linasema nini?" Nikamwambia aache daftari, ainame anuse. Wamehama wote isipokuwa wawili. Nitarudi kwao nikimaliza hapa.

Nakusikia. Mnakuja na mama yako, mnachekea njiani, na umesukwa vizuri, naona toka hapa. Nitabaki nimekaa. Ukitaka kunipita bila neno, unipite. Kesho ukikataa mkono wangu, panda pikipiki tu, nitakuwa nimesimama pale pale.

Lakini ulichoniuliza pembeni ya jiko, jibu lake ni hapana. Hukukosea mstari. Ulikuwa na miaka kumi na tatu na ulisoma kila namba kama ilivyoandikwa. Mimi ndiye niliyeziandika.

Baba yako,
Ramazani